Saa janja imegoma kuwaka: la kufanya kabla ya kuitupa, na wakati mwema wa kuichaji

Juzi baada ya alasiri Ami yangu, nahodha wa boti ya abiria kati ya kisiwa cha Amu (Lamu) na Mokowe, alinikuta barazani. Nikamwamkia, akaitikia harakaharaka, kisha akanitia saa yake mkononi.

"Imekufa hii. Nimeichaji usiku kucha, asubuhi kimya. Ukenda Mombasa nitafutie nyingine."

Nikaigeuza mgongo. Palipo na zile pini mbili za chaji palikuwa na ukoko wa kijani kibichi, kama ule unaouona kwenye bizimu ya shaba iliyosahaulika mashuani. Pini moja ilikuwa bado inang'aa. Ya pili haikuonekana kabisa. Saa ilikuwa imelala juu ya chaja toka isha hadi alfajiri na haikupata hata tone la umeme.

"Ami, unaposhuka majini kusukuma boti, hii huivua?"

"Mbona niivue? Si wameandika haiingii maji?"

Maji hayakuingia, hapo alikuwa na haki. Lakini chumvi haihitaji kuingia. Kwa pamba, kijiti cha meno na spiriti kidogo tuliisafisha pale pale barazani, tukaipeleka kwenye chaja, na baada ya kama dakika ishirini ule mchoro wa betri ukatokea. Mpaka leo anaivaa.

Naandika mwongozo huu kwa sababu saa nyingi zinazoitwa maiti hapa kwetu zina uhai. Zimekwama kwa chumvi, kwa joto au kwa kuachwa tupu muda mrefu. Na lile neno tunaloambiana kila siku, kwamba kuchaji usiku kucha kunaua betri, lina kweli ndani yake, ila lawama tumeiweka pasipo pake. Nitalieleza mbele. Kwanza tuifufue saa.

Hatua ya kwanza: hakikisha imezima kweli

Kioo cheusi si ushahidi wa kutosha. Ivae saa mkononi, ingia mahali penye giza, kisha uinue ukingo wake mmoja kidogo utazame chini yake. Vile vitaa vya kijani vinavyopima mapigo ya moyo vikimulika, saa i hai. Kilichogoma ni kioo, au iko katika hali ya kimya. Jipigie simu pia kutoka laini nyingine. Ikitikisika, ni hai.

Ziko hali tatu zinazowababaisha watu. Ya usingizi huzima kioo hata ukinyanyua mkono. Ya kubana betri huonyesha saa tu unapobonyeza kitufe. Ya kufunga maji hukifanya kioo kisihisi kidole chako. Kwenye Apple Watch unaiondoa kwa kushikilia ile taji ya pembeni mpaka saa itoe sauti na kutema maji ya kwenye spika. Kama ni mojawapo ya hizi, kazi yako imekwisha.

Hatua ya pili: safisha mgongo wa saa na uso wa chaja

Hapa ndipo ningependa utulie, maana kwa watu wa pwani hii ndiyo hatua inayookoa saa nyingi kuliko zote.

Chaja ya saa yenye pini inatoa volti 5. Pini mbili zikiwa na jasho au maji ya bahari kati yao, umeme haungoji kuingia kwenye saa. Hupita kwenye yale maji ya chumvi, na huku unapita unaila ile rangi ya dhahabu iliyopakwa kwenye pini, kisha unaila shaba iliyo chini yake. Ule ukijani ndio shaba yenyewe iliyolika. Kwa hiyo kinachoharibu pini zaidi ni kuiweka saa kwenye chaja ikiwa mbichi. Mtu anatoka kuoga baharini Shela, anafika nyumbani, anaitia saa chaji palepale kwa sababu betri imeshuka. Akifanya hivyo kwa wiki chache, pini zinaanza kutoboka.

Safisha hivi. Chukua kitambaa laini ukiloweshe maji baridi, maji matamu, ya mfereji au ya chupa. Kama kisima chenu kina maji ya chumvi, hayo usiyatumie, utakuwa unaongeza kile kile unachokiondoa. Futa mgongo wote wa saa na ukaushe. Kisha zungushia pamba kwenye ncha ya kijiti cha meno, itie tone moja la spiriti ya duka la dawa, na usugue kila pini polepole kwa kuzunguka. Badilisha pamba ikichafuka. Usitumie kisu, sindano wala msasa: ukikwaruza ile rangi ya juu, chumvi ya kesho itakuta mlango wazi. Spiriti isiguse mkanda wa ngozi wala kioo.

Ifanyie chaja vivyo hivyo. Watu husafisha saa wakaisahau chaja, na kwenye chaja pini zina springi ndani: zibonyeze moja moja kwa ncha ya kijiti uone kama zote zinashuka na kurudi. Ikikwama moja, tone la spiriti na kuibonyeza mara kumi huilegeza.

Saa zenye mgongo laini wa kioo, zinazochaji bila pini, hazina maradhi hayo. Zenyewe husumbuliwa na mchanga, mafuta ya mwili na ukoko wa jasho unaozuia saa isikae sawasawa juu ya chaja. Futa tu. Na kama chaja ni mpya, angalia kama ile karatasi laini ya plastiki ya dukani bado imo juu yake.

Jambo moja la kinga: ukitoka baharini, isuuze saa kwa maji matamu ikiwa bado mkononi mwako, ikaushe kwa shati, halafu iache ipigwe na upepo nusu saa kabla ya kuipeleka kwenye chaja. Ile alama ya 5 ATM iliyoandikwa mgongoni maana yake imepimwa kwa mgandamizo ulio sawa na kina cha mita 50 za maji yaliyotulia. IP68 au IP67 ni kipimo kingine, na IP67 ni mita 1 kwa dakika 30 tu. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachokuahidi kwamba chumvi haitakula pini.

Hatua ya tatu: waya, kichwa cha chaja, soketi

Hii ni fupi. Chomeka kichwa hicho hicho kwenye simu uone kama simu inachaji. Badilisha soketi. Angalia swichi ya ukutani. Kunja waya wa chaja karibu na shingo yake uone kama saa inashtuka na kuzima; ikifanya hivyo, nyuzi zimekatika ndani.

Saa ndogo za bei nafuu zipe kichwa cha kawaida cha volti 5 na ampea 1. Vile vichwa vya chaja ya haraka vinavyokuja na simu kubwa havileti faida kwa saa yenye betri ndogo, na saa ambayo mzunguko wake wa umeme wa ndani ni duni huweza kupata joto bure. Wala usidhani kila pedi ya kuchajia simu bila waya itachaji saa. Apple Watch, kwa mfano, haikubali pedi ya kawaida ya simu. Inataka chaja yake.

Hatua ya nne: iache, usiiguse

Saa imesafishwa, chaja ni nzima, na bado kioo cheusi. Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa baada ya dakika mbili, wakaanza kubonyeza vitufe kama wanaopiga ngoma.

Betri ya lithiamu iliyomo ndani hufanya kazi kwenye volti kama 3.7. Ikijaa hufika 4.2 au zaidi kidogo; ikishuka karibu na 3 saa hujizima yenyewe ili kuilinda. Lakini kuzima si mwisho wa kupungua. Umeme huendelea kuvuja kidogo kidogo, na saa iliyoachwa droo miezi miwili mitatu ikiwa tupu hushuka chini kabisa. Unapoichomeka katika hali hiyo, mzunguko wa chaji hautoi umeme wote mara moja. Huipa betri kidogo kidogo, kama mtu aliyefunga mchana kutwa anavyoanza na tende na maji kabla ya kuletewa sahani ya wali. Katika muda huo saa haina nguvu ya kuwasha hata kioo, kwa hiyo huoni kitu.

Kwa hiyo iweke kwenye chaja, hakikisha imekaa sawa, na ondoka. Nusu saa ya kwanza usiiguse. Ikiwa ilikaa tupu kwa miezi, ipe saa mbili. Ukirudi, shika mgongo wake: uvuguvugu mdogo ni dalili njema kwamba inakula. Joto la kukufanya uondoe kidole ni dalili mbaya, chomoa.

Betri iliyoshuka chini kabisa kwa muda mrefu huwa imeumia ndani, kwa sababu shaba iliyomo kwenye betri yenyewe huanza kuyeyuka. Ikifufuka itakuwa haikai na chaji. Hiyo ni kazi ya kubadilishwa betri, na hakuna ujanja wa nyumbani.

Hatua ya tano: ilazimishe kuwaka upya

Baada ya kupata chaji, na si kabla, fanya hivi huku saa ikiwa bado kwenye chaja ikiwezekana.

Apple Watch: shikilia taji na kitufe cha pembeni kwa pamoja, angalau sekunde 10, mpaka nembo ya tofaa itokee. Samsung Galaxy Watch za kuanzia ya 4: shikilia vitufe vyote viwili kwa pamoja kwa zaidi ya sekunde 7. Garmin nyingi zenye vitufe vitano: shikilia kitufe cha taa, kile cha juu kushoto, kwa sekunde 15, achia, halafu kibonyeze tena kuwasha. Zile saa za kitufe kimoja zinazouzwa madukani kwetu bila jina kubwa: shikilia kitufe hicho hesabu mpaka 15, achia, ngoja, kisha bonyeza kawaida.

Usifanye hivi hata kidogo kama unajua saa ilikuwa katikati ya kusasisha programu. Iache imalize, hata kama inachukua muda unaokuudhi.

Hatua ya sita: inawaka, nembo inatokea, inazima, inawaka tena

Kuna sababu ya kawaida ambayo watu hawaifikirii. Saa inapowaka hutaka nguvu nyingi kwa mkupuo: kioo, bluetuthi, kumbukumbu, vyote kwa pamoja. Betri iliyochoka au iliyo na asilimia chache hushindwa. Volti inaporomoka ghafla, saa inajizima, halafu inapata pumzi kidogo na kujaribu tena. Ndiyo maana inazunguka pale pale kwenye nembo. Tiba yake ni kuiacha kwenye chaja wakati wote wa kuwaka, na kuizuia isiwake mpaka ipate chaji ya kutosha. Kama inawaka vizuri kwenye chaja lakini inazima dakika moja baada ya kuondolewa, basi umeshajua: betri imezeeka.

Sababu ya pili ni sasisho lililokatizwa. Apple Watch haikubali kusasisha mpaka iwe juu ya chaja na ina angalau asilimia 50, na ni sharti la maana sana. Saa nyingine yoyote uliyo nayo, ifanyie sharti hilo hilo kwa hiari yako. Na kwa sisi ambao stima hukatika bila salamu, sasisha wakati ambao unajua saa ina chaji ya kumaliza kazi hata taa zikizimika.

Ikishindikana kabisa, liko la kufuta kila kitu na kuanza upya, kwa programu ya saa iliyo kwenye simu yako. Kabla ya kulifanya, hakikisha unaijua akaunti na neno la siri. Hapa namkumbusha yeyote anayenunua saa ya mkono wa pili: Apple Watch iliyofungwa kwenye akaunti ya mwenyewe wa kwanza itadai neno lake la siri hata baada ya kufutwa. Mwambie muuzaji aiondoe kwenye simu yake mbele yako kabla hujatoa shilingi.

Saa ikiwaka na tarehe ya ajabu, ya mwaka 1970 kwa mfano, usishtuke. Imesahau wakati tu kwa sababu betri ilikwisha kabisa. Iunganishe na simu itajisahihisha.

Mahali pa kusimama

Kioo kikianza kuinuka upande mmoja, au mgongo wa saa ukivimba, au ukisikia harufu tamu kama ya rangi ya kucha, usiichaji tena. Usibonyeze kioo kirudi. Usitoboe. Betri imejaa gesi ndani. Iweke kwenye kopo la bati lenye mchanga mkavu, nje ya nyumba, mbali na makuti na mikeka, na umpelekee fundi anayejua kubadilisha betri. Isitupwe jaani ambako punda na watoto hupita, wala baharini.

Na fundi akishaifungua saa, ile gundi iliyokuwa ikizuia maji huwa imekatwa. Hata akiibandika vizuri, usiogelee nayo tena.

Sasa hilo la kuchaji usiku kucha

Shangazi yangu mmoja alikuwa akiichaji saa yake chini ya mto, ndani ya chandarua, ili asiisahau asubuhi. Akiulizwa, anasema si inajikata yenyewe ikijaa? Ni kweli inajikata. Fikiria tangi la maji la nyumbani lenye boya: maji yakifika juu, boya linafunga. Betri haifuriki. Kwa hiyo kuiacha kwenye waya si hatari kwa sababu ya kujaa kupita kiasi.

Hatari iko kwingine. Betri ya lithiamu haipendi mambo mawili yakikutana: kukaa imejaa kabisa, na kukaa kwenye joto. Vipimo vinavyotajwa sana na wanaoshughulika na betri vinasema hivi: betri iliyowekwa mwaka mzima kwenye joto la nyuzi 25 za Selsiasi ikiwa na asilimia 40 hubaki na kama asilimia 96 ya uwezo wake. Ile iliyowekwa mwaka mzima kwenye nyuzi 40 ikiwa imejaa hubaki na kama asilimia 65. Betri ni aina moja, na hakuna hata moja kati ya hizo iliyotumiwa. Tofauti yote imeletwa na joto na kujaa.

Sasa tazama usiku wa kaskazi, Februari au Machi, katika chumba cha mabati ambacho bado kina joto la mchana. Saa nyingi hujaa kwa muda usiozidi saa mbili. Umelala saa nne usiku. Kufika saa sita imejaa. Kuanzia hapo hadi alfajiri imekaa kwenye asilimia 100, ikiongezewa kidogo kila inaposhuka, chini ya mto ambao hauruhusu joto litoke. Apple inaandika kwamba saa zake nyingi zitumike mahali pasipozidi nyuzi 35. Chini ya mto wa Shangazi ni lazima palizidi, maana juu ya joto la chumba kulikuwa na la mwili wake na la chaja yenyewe.

Nilimwambia, "Shangazi, saa hii usilale nayo ikiwa kwenye waya." Akaniuliza aichaji lini basi, na lilikuwa swali la haki. Jibu langu ndilo ninalokupa wewe.

Ichaji kati ya magharibi na isha. Hapa kwetu karibu na ikweta muda huo ni zaidi kidogo ya dakika sitini mwaka mzima. Ukivua saa kwa ajili ya udhu, iweke kwenye chaja baada ya kuifuta na kuikausha, uswali, ule chakula cha usiku, na ukisikia adhana ya isha unaichukua. Saa iliyokuwa na asilimia 30 au 40 itakuwa imefika 80 au zaidi, na hizo zinatosha usiku kucha na asubuhi yake. Apple Watch za kuanzia Series 7 hufika 80 kutoka sifuri kwa kama dakika 45 kwa chaja yake ya haraka. Zile za polepole nazo hazina neno, maana hujaanza na sifuri. Sehemu ya mwisho, kutoka 80 hadi 100, ndiyo inayochukua muda mrefu na ndiyo inayoichosha betri zaidi, kwa hiyo hukosi kitu ukiiacha.

Faida ya pili ni kwamba saa iko mkononi usiku, pale inapofaa: kupima usingizi, na kukuamsha. Mwezi wa Ramadhani hili nalipenda mno. Saa hunitikisa mkono kwa daku bila kumwamsha mtoto aliyelala ubavuni. Anayeanza, akumbuke tu kwamba saa hizi zinahesabu kizungu: daku ya saa kumi usiku unaiweka 4:00.

Kama kazi yako hairuhusu magharibi, tafuta muda mwingine ukiwa macho: unapooga na kunywa chai asubuhi, au mchana ukiwa dukani. Ami yangu huichaji akiwa amekaa barazani baada ya boti ya mwisho.

Na ukilazimika kuichaji usiku? Basi itoe kitandani. Nyumba zetu za mawe zina zawadi ambayo hatuitumii: vile vidaka vya ukutani. Ukuta wa matumbawe na chokaa ni mnene, haupashwi joto haraka, na kidaka kiko wazi mbele. Weka saa juu ya chokaa tupu, bila kitambaa chini. Asiye na kidaka aweke sakafuni kwenye saruji au kigae, mbali na mkeka na pazia. Ondoa kasha la plastiki kama ulilivalisha. Na kama saa yako ina mpango wa kujizuia, uwashe: Apple Watch inao tangu programu yake ya watchOS 7 ya mwaka 2020, ambapo hujifunza mazoea yako, ikasimama kwenye 80 na kumalizia karibu na muda unaoivaa. Uko kwenye Mipangilio, sehemu ya Betri.

Stima ikikatika

Chomoa chaja. Stima inaporudi, dakika za kwanza volti hupanda na kushuka, na kichwa cha chaja cha bei rahisi hakina kinga. Ngoja taa za nyumba zitulie kama dakika tano, kisha chomeka. Kwa anayelala na saa kwenye waya, hii ni sababu nyingine ya kuhama: stima ikirudi saa nane usiku, hayupo wa kuchomoa.

Pawabenki nazo zina kisa chao ambacho kimewafanya wengi waamini saa zao ni mbovu. Umeichomeka saa, imechaji dakika chache, imeacha. Betri ya saa ni ndogo mno, nyingi ni kati ya mAh (kipimo cha ujazo wa betri) 200 na 600, ilhali simu ya kawaida siku hizi ina 5000. Umeme unaovutwa na saa ni mdogo hata pawabenki inadhani hakuna kilichochomekwa, ikajizima. Baadhi ya pawabenki zina hali ya vifaa vidogo, unayoiwasha kwa kubonyeza kitufe mara mbili au kukishikilia. Soma maandishi yaliyo mgongoni mwake. Isipokuwa nayo, chaji simu na saa pamoja kwenye pawabenki moja. Simu itaifanya ibaki macho.

Usiichaji saa moja kwa moja kutoka paneli ya jua iliyo juu ya boti. Wingu likipita, umeme unakatika na kurudi, na saa itakuwa inaanza chaji mara mia. Paneli ichaji pawabenki, pawabenki ichaji saa.

Ukiiweka bila kuivaa

Kama unasafiri ukaiacha, au umeipata zawadi na unaingojea Idi, usiiweke tupu na usiiweke imejaa. Ifikishe karibu asilimia 50, izime kabisa kwa menyu yake, ifute chumvi, na uifunge kwenye chombo kisichopitisha hewa pamoja na kile kipakiti cha kukausha unyevu kinachokuja kwenye masanduku ya viatu. Kabati la chini, la upande usiopigwa na jua. Bandika karatasi yenye tarehe kwenye kifuniko, na kila baada ya miezi mitatu itoe, irudishe kwenye 50, uizime tena.